Forodhani usiku: chakula kizuri, lakini kamera zimezidi

Bustani ya Forodhani, iliyo mbele ya Ngome Kongwe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa, bado ni mahali pazuri pa kula baada ya magharibi. Urojo niliopewa ulikuwa mzito kiasi, wenye uchachu wa embe na bajia ambazo hazijalowa, na juisi ya miwa ilikamuliwa papo hapo pamoja na ndimu na tangawizi.

Kinachopunguza raha ni kamera. Mpishi wa pizza ya Zanzibar anapokunja chapati juu ya nyama ya kusaga na yai, wageni humwelekezea simu usoni bila hata salamu, ilhali ana mafuta ya moto mbele yake na watu wanaongoja zamu. Kupiga picha chakula ulichokilipia ni haki yako. Uso wa mpishi, au wa familia inayokula kando yako, ni jambo jingine kabisa, na wengi hawapendi kuonekana mitandaoni. Ombi fupi hutosha. Niliposema, “Shikamoo mzee, naomba nipige picha ya meza yako,” muuza pweza aliitikia, akakubali, kisha akasogeza taa yake ili mishikaki ionekane vyema.

Taa ya simu izimwe, kwa kuwa huwamulika machoni walioketi jirani, na picha moja au mbili zatosha, maana urojo ukipoa hupoteza ladha. Bei iulizwe kabla ya kuagiza.