Huduma ya kupima metali nzito kwenye maji, Malindi: chupa sawa, karatasi bado

Chupa huletwa hadi nyumbani, sampuli husafirishwa maabara Mombasa, majibu yakaja kwa karatasi. Hupimwa risasi, kadmiamu na zebaki.

Upande wa chupa hatuna lawama. Ni za plastiki, zimesuuzwa kwa asidi, na ndani mna matone ya asidi ya naitriki ya kushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) chini ya 2. Usiyamwage, wala usijaze hadi ifurike: bila asidi, risasi hung'ang'ania kuta za chupa na mashine haiioni. Maelekezo nayo ni sahihi. Mfereji usifunguliwe kwa saa 6 au zaidi, usiku ndio bora, kisha alfajiri ukinge lita 1 ya kwanza bila kupoteza hata tone. Ya pili ukinge maji yakishatiririka dakika 5. Risasi ikiwa nyingi kwenye ya kwanza tu, inatoka kwenye mfereji au paipu za nyumba. Ikiwa nyingi kwenye zote, angalia kisima.

Karatasi ndiyo yenye kasoro, tena kubwa. Mbele ya risasi wameandika "haikuonekana", basi. Kwa mashine gani, kuanzia kiwango gani? AAS ya moto, mashine inayotambua metali kwa mwanga unaopita kwenye mwali, hutaabika kusoma risasi chini ya maikrogramu 100 kwa lita, ilhali kikomo cha WHO ni 10. Maji yenye 60 yatapita kama masafi, na mtoto atayanywa. Visima vya karibu na bahari vina shida zaidi, maana chumvi huvuruga kipimo. Sampuli ikizimuliwa mara 10 ili kupunguza chumvi hiyo, kiwango cha chini cha kusomeka nacho hupanda mara 10. Kabla ya kulipa, dai kiwango hicho kiandikwe, kisizidi maikrogramu 2 hivi kwa lita.

Kwa anayetaka kumshtaki mwenye kuyeyusha betri kuukuu, huduma hii haitoshi. Sheria ya mazingira ya 1999 inakipa uzito cheti cha maabara iliyoteuliwa, na hapa hakuna hata fomu ya nani alichota, saa ngapi, nani akapokea. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walipopewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, vipimo vilikuwa sehemu ya ushahidi wao.

Ukingojea majibu, uji wa mtoto upikwe kwa maji baridi yaliyokwisha kutiririka. Kuchemsha hakuondoi risasi; maji yakipungua sufuriani, ndiyo kwanza inakolea.