Matairi ya saketi: duka la Industrial Area limenitia hasara na maneno juu

Mniwie radhi kwa hasira, lakini jambo hili sina namna nyingine ya kuliandika. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nikadharauliwa mbele ya watu kwa kuuliza swali la haki kabisa, na gari likaponea chupuchupu kutoka nje ya lami ya saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, kule Athi River. Duka lenyewe silitaji. Liko Industrial Area, basi.

Gari ni Subaru WRX STI lenye rimu za inchi 18. Mambo ya injini na nguvu za farasi nayaruka, hayo kila kijana wa Nairobi anayajua kichwani. Linalohusika hapa ni kwamba STI ni zito mbele, na saketini hula tairi la mbele kwenye bega la nje, yaani ukingo wa sehemu inayokanyaga lami. Ukilipeleka na matairi ya kawaida ya mjini, hata yale ya bei ghali, mizunguko michache tu yanapata moto kupita kiasi. Unakata usukani, gari linaendelea kunyoosha mbele. Nilichoka na hilo, nikaamua kununua matairi ya mpira laini, yale yaliyoandikwa TREADWEAR 200 ubavuni, namba ya kuonyesha tairi linaisha upesi kiasi gani.

Namba hiyo isiwababaishe. Kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo 200 ya huyu si lazima ilingane na 200 ya yule. Ila inakupa fununu. Michelin Pilot Sport 4S ambalo wengi wetu tunaendeshea mjini ni 300, na Pilot Sport Cup 2, ambalo ni la saketi hasa, ni 180. Namba ikishuka, mpira unashika zaidi na unaisha upesi zaidi.

Sasa, mpira laini adui yake ni umri. Jua, joto na hewa huukausha hata kama tairi limetundikwa tu dukani na halijaguswa na mtu. Ndiyo maana mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT pale ubavuni kuna namba nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukiona 1418, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2018. Imekuwa hivyo tangu 2000 na si siri ya mtu. Shida ni kwamba matairi mengi yana tarehe hiyo ubavu mmoja tu. Na haya ya michezo yana upande wa nje na upande wa ndani, yameandikwa kabisa OUTSIDE na INSIDE, huwezi kuyageuza. Tarehe ikiwa ubavu wa ndani, tairi likishafungwa huioni mpaka ulale chini ya gari.

Nilijua haya yote kabla sijatia mguu dukani. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichosema, baada ya salamu, ni kwamba naomba nione tarehe za matairi yote manne kabla hayajafungwa. Jamaa wa kaunta akasema sawa, hakuna shida, mkubwa. Akaniita ndani nilipe, mtandao ukasumbua, M-Pesa ikakawia, risiti ikakawia zaidi. Nilipotoka nje nikakuta matatu yamefungwa, yameng'arishwa kwa ile dawa nyeusi mpaka yanameremeta, na la nne liko kwenye mashine.

Nikamwambia, kwa upole, "Ndugu yangu, tulikubaliana nitaona tarehe kwanza."

Akanitazama juu mpaka chini. "Boss, hii si maziwa. Tairi haina ekspaya."

Nikamwambia haya ni ya saketi, si ya kwenda nayo sokoni, na nimelipa pesa nyingi. Naomba gari lipigwe jeki niangalie, dakika mbili tu. Hapo ndipo akageukia wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Gari yenyewe ni mtumba kutoka Japani, halafu anataka tairi ya mwaka huu!"

Wakacheka. Wote.

Sijui niwaambie nini kuhusu hali niliyokuwa nayo pale. Mimi gari hili nimelihangaikia miaka. Nimeliwekea breki, nimelisimamia kwa fundi usiku na mchana, silibebi kama pambo la kuonyeshea watu kwenye foleni ya Mombasa Road. Na hata lingekuwa Probox, swali langu lilikuwa la mteja aliyelipa. Jeki hakupiga. Alisema kuna magari mengine yanasubiri, akanirushia ufunguo. Kunirushia, si kunipa.

Siku ya saketi ilikuwa imefika na nafasi nilishailipia, kwa hiyo nilikwenda. Kwanza nilikuta wamejaza upepo PSI 40 (kipimo cha presha) kila gurudumu. Arobaini! Hewa ikipata moto saketini presha hupanda, PSI sita, nane, wakati mwingine zaidi. Tairi likianza na 40 asubuhi kwenye baridi, ukilikaza, yaani ukiendesha kwa kasi kamili, linavimba katikati na kukanyaga lami kwa sehemu ndogo. Nikatoa upepo mpaka chini ya 30, nikaingia.

Mizunguko ya mwanzo niliupasha mpira moto taratibu, kama inavyotakiwa. Nilipoanza kukaza nikategemea gari liume lami. Haliumi. Breki zinashika, tairi linateleza. Kona ya kulia, ambapo uzito wote unalalia tairi la mbele la kushoto, gari likawa linasogea nje kidogo kidogo, kila mzunguko zaidi ya uliopita, kisha usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nikatoa mguu, nikarudi pembeni polepole. Kipande cha bega la nje kilikuwa kimebanduka, upana wa vidole viwili, na kandokando yake mpira unainuka ukiugusa. Nikajaribu kubonyeza kwa ukucha. Mpira laini wa saketi ukiwa na joto ukucha unaacha alama. Huu haukuacha chochote, mgumu kama kandambili iliyosahaulika paani.

Nikalala chini na tochi ya simu. Ile dawa nyeusi ilinipaka vidole vyote, na chini yake, kwenye mitaro ya tairi, nyufa nyembamba zilizopangana. Kisha namba. Matatu yalikuwa 1418. La nne, 0917. Yaani hata si seti moja! Matairi yaliyotengenezwa kabla hata ile Expressway ya Nairobi haijaanza kujengwa, nimeuziwa kwa bei ya mapya.

Niliyarudisha na kile kipande mkononi. Safari hii akatoka meneja. Yeye hakunitusi, hilo nalikubali, lakini alinipa somo. Eti watengenezaji wenyewe wanasema tairi linaweza kukaa hadi miaka 10. Ni kweli kuna watengenezaji wanaosema miaka 10 ndiyo kikomo, na wanaongeza kwamba kuanzia mwaka wa 5 likaguliwe kila mwaka. Huo ni ushauri kuhusu mwisho wa maisha ya tairi barabarani. Hausemi kwamba tairi la mpira laini la miaka mingi ni jipya, na hausemi uliuze kama jipya kwa mtu aliyekuambia analipeleka saketini. Nilipomwambia hivyo akanyoosha kidole kwenye kile kibao cha ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Bwana meneja, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya taarifa anazohitaji. Tarehe ya tairi ni taarifa. Niliiomba kwa mdomo wangu, nikachekwa.

Niseme la haki pia. Kijana wa mashine ya kufunga matairi alikuwa mtu wa heshima, rimu zangu hazina hata mkwaruzo, na balansi aliifanya vizuri. Bei yao vilevile ni nafuu kuliko kwingine. Kwa hiyo nilifikiria kuandika kwamba ukienda na tochi yako, ukaangalia kila tairi kabla ya kutoa hata shilingi, pale pananunulika.

Kuhusu matairi ya aina hii yenyewe, msivunjike moyo. Baadaye niliagiza seti nyingine kupitia muuzaji anayeleta mzigo kutoka nje, Yokohama Advan Neova AD09, na kabla ya malipo alinitumia picha ya tarehe za yote manne. Yana miezi tu. Jamani! Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule. Unakata usukani na pua inaingia pale pale ulipotaka. Unachelewa kukanyaga breki, halafu unachelewa tena, na bado gari linakungoja. Mara ya kwanza niliupasha mpira moto kidogo, nikayaacha yapumzike mpaka siku nyingine kabla ya kuyakaza, maana mpira mpya ukipashwa na kupoa vizuri hudumu zaidi. Ukitoka saketini bega la nje limelika sawasawa, hakuna kilichobanduka, uso wa tairi umefanya vinyweleo vya mpira ulioyeyuka. Nilifurahi mpaka nikampigia simu kaka yangu nikiwa bado na kofia ngumu kichwani.

Ni matairi ya kila mtu? Kama gari lako ndilo la kwenda nalo kazini msimu wa mvua ndefu, na una seti moja tu ya rimu, hapana, baki na yale ya 300. Haya yana mitaro michache, maji yakisimama barabarani yanaelea upesi. Asubuhi za Julai zenye baridi yanahitaji muda kabla ya kushika. Kwenye Mombasa Road yanavuma hadi redio huisikii. Na yanaisha. Mimi sijali, kila yanapogusa lami ya saketi nasahau bei. Anayejali asinunue.

Lile duka je? Nimesoma tena nilichoandika hapo juu, kwamba ukienda na tochi pananunulika, na naliondoa neno langu. Yule kijana wa mashine alinisogelea nikiwa naondoka siku ile ya kurudisha, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa hayo matairi yalikuwa yametundikwa pale mlangoni, juani, tangu yeye hajaajiriwa. Jamaa wa kaunta akamwona, akamfokea mbele yetu arudi kazini. Kwa hiyo walijua. Walijua umri wake, wakayapaka dawa, wakanicheka. Msinunue pale, hata na tochi, hata kwa nusu bei.

Pesa sijarudishiwa. Risiti ninayo, picha za namba zote nne ninazo, na kile kipande cha mpira kiko kwenye bahasha. Wiki hii napeleka barua ya madai, na wakinyamaza naenda mahakama ya madai madogo. Kama nawe ulinunua matairi ya michezo pale siku za karibuni, piga gari jeki leo uangalie ubavu wa ndani kabla hujaenda nalo popote kwa kasi.