Streetmix kwenye kikao cha wakazi: nzuri, ila makutano hamna

Kama umeshakaa kwenye kikao cha kupanga njia za miguu na baiskeli unajua kinavyoendaga, injinia anatundika mchoro ulioshaiva zamani, anauliza "kuna swali?", watu kimya, picha ya pamoja, kwaheri. Streetmix inavuruga huo utaratibu na ndo maana naipa nyota 4. Ni tovuti ya bure, ilianzia mwaka 2013 kwenye hakathoni (kikao cha kutengeneza programu haraka haraka) ya Code for America, shirika la Marekani, unachora barabara kwa kuburuta vipande tu, njia ya miguu, ya baiskeli, leni ya basi, miti, taa, mabenchi, wala hujisajili ndo uanze.

Utamu wake uko kwenye upana. Weka barabara ya mita 12, kila mtu aongeze anachotaka, vikizidi inakuonyesha palepale kwamba haviingii. Hapo sasa ndo kikao kinaanza! Wa maegesho na wa baiskeli hawawezi kupata wote, lazima mtu atamke kwa mdomo wake nini kitoke. Mama wa kigari cha mtoto akisema njia nyembamba anapewa kipanya aivute mwenyewe mpaka mita 1.8, ambapo viti viwili vya magurudumu vinapishana, na ukumbi mzima unaona hizo sentimita zimetoka kwa nani. Alafu mtu akifungua linki yako akabadilisha anapata nakala yake, ya kwako inabaki vilevile, kwa hiyo kila kundi lije na barabara yake mlinganishe.

Sasa nyota niliyoibania. Inakuchorea barabara kama imekatwa kwa kisu, upande mmoja mpaka wa pili, basi. Makutano hayapo, na pale gari linapokata kona mbele ya baiskeli ndo kwenye hatari yenyewe, unaweza ukawa na njia safi kabisa kwenye skrini kumbe inafia kabla ya taa. Mwendo wa magari nao haujui, wakati gari la kilomita 50 kwa saa linagonga na nishati karibu mara tatu ya lile la 30, yaani mchoro ni uleule, barabara mbili tofauti kabisa. Wapi giza, wapi maji yanatuama, wapi watoto wanakatiza kwa sababu zebra iko mbali, hayo anayajua anayepita kila siku, muulizeni. Tena ikiwezekana mtembee naye kabla ya kufungua laptopu, na tepu ya kupimia mkononi, maana upana wa kukisia unaharibu kila kitu kinachofuata.

Na kama wazee wenu hawana raha na kompyuta msiwalazimishe, kateni vipande vya karatasi, sentimita 2 kwa kila mita 1, wapange mezani, kijana mmoja aingize baadaye huku wao wanamsimamia asibadilishe.