Dalali Wangu Mwenyewe: Uzoefu Wangu wa Kununua Nyumba Nikiwa na Mtu wa Upande Wangu

Nimeshahamia na malipo ya mwisho yameshalipwa, kwa hiyo sasa naweza kuipima huduma hii kwa utulivu. Nazungumzia dalali wa mnunuzi, yaani mtu unayemwajiri wewe unayetafuta nyumba, anayewajibika kwako peke yako tangu mnapoanza kutafuta hadi unapokabidhiwa funguo. Naipa nyota tano. Nina malalamiko mawili matatu pia, nitayataja.

Wanunuzi wengi hawalipi uzito swali la nani ni mtu wa nani. Yule ambaye namba yake iko kwenye tangazo, anayekufungulia mlango na kukuzungusha vyumbani, ameajiriwa na mwenye nyumba. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na nchi nyingi zina sheria inayomkataza kukudanganya au kukuficha kasoro kubwa anayoijua. Lakini kutokudanganya si sawa na kukushauri. Kazi aliyopewa ni kumtafutia muuzaji bei ya juu kwa masharti mepesi. Ukimwuliza, "Hivi bei hii si kubwa?" unamwuliza mtu ambaye mkataba wake unamtaka aitetee bei hiyo hiyo.

Dalali wangu aliliweka wazi hili kabla hatujatazama nyumba hata moja. "Ndugu yangu," aliniambia, "tukiwa ndani ya nyumba ya watu, ongea habari za nyumba tu. Habari zako ziache." Akanitajia maswali nitakayoulizwa, na kweli niliulizwa karibu yote. Benki imekuidhinishia kiasi gani? Mkataba wako wa kupanga unaisha lini? Kuna nyumba nyingine mmeiona mkaipenda? Ni maswali ya upole, na huenda anayeuliza hana nia mbaya, ila kila jibu lina uzito mezani. Muuzaji akijua kwamba benki iko tayari kukupa zaidi ya anachodai, hana sababu ya kupunguza. Akijua kwamba lazima uhame mwisho wa mwezi, atakaa kimya mpaka wewe mwenyewe uongeze. Habari hizo nilimpa dalali wangu zote, hadi kiwango cha mwisho kabisa nilichoweza kufikia, kwa sababu mkataba wetu ulimfunga asizitoe. Unafuu wa kuwa na mtu wa kumwambia ukweli wote katika manunuzi makubwa kiasi hiki, mimi sikuwa nimeutarajia.

Kuna nyumba moja niliipenda tangu getini. Ina mwanga, jiko pana, ua uliotunzwa. Wakati mimi napanga meza itakaa wapi, yeye alikuwa amechuchumaa kwenye pembe ya sebule akitazama rangi. Nyumba nzima ilikuwa na rangi ya zamani isipokuwa ukuta mmoja, tena sehemu yake ya chini tu. Tukatoka nje, akanionyesha jinsi ardhi ilivyoinamia upande wa nyumba, na bomba la maji ya paa linavyomwaga palepale kwenye msingi. Akaomba ruhusa, tukafunga mabomba yote ya ndani, tukaenda kusimama kwenye mita ya maji. Ilikuwa bado inazunguka, maana yake maji yalikuwa yanavuja mahali tusipopaona. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali, na ufa wa namna hiyo unaweza kuwa dalili kwamba msingi umetitia upande mmoja.

Hakusema nyumba ni mbovu. Alisema yeye si mkaguzi wa majengo, na kwamba jambo kama hilo halikisiwi. Kama bado naitaka, tutoe ofa yenye sharti la ukaguzi. "Lakini ukiniuliza mimi," akamalizia, "tuendelee kutafuta."

Tukaendelea kutafuta. Naomba msomaji alitazame hili vizuri: kwa kunishauri hivyo alikuwa anaahirisha malipo yake mwenyewe. Dalali wa muuzaji hawezi kukupa ushauri wa namna hiyo hata roho yake ikimtuma, maana atakuwa amemsaliti aliyemwajiri. Kwangu mimi huduma yenyewe ni hii, kuwa na mtu mwenye uhuru wa kukwambia "iache". Mengine yote ni ya ziada, ingawa ziada hiyo ilinisaidia sana.

Chukua suala la bei. Kwa nyumba tuliyokuja kuinunua alitafuta nyumba zinazofanana nayo, za eneo hilo hilo, zilizouzwa karibuni. Zilizouzwa, si zilizotangazwa, kwa sababu kwenye tangazo muuzaji anaandika anachokitamani. Kisha akaanza kusawazisha. Ile iliyouzwa ina bafu moja zaidi, basi thamani ya bafu inatolewa. Nyingine paa lake lilikuwa limechoka kuliko la nyumba yetu, basi kiasi fulani kinaongezwa. Akaangalia pia tangazo letu limekaa sokoni muda gani na kama bei imewahi kushushwa. Mwisho wake sikupata namba moja, nilipata wigo: chini ya hapa muuzaji atakataa, juu ya hapa unalipa zaidi ya thamani. Hata mthamini wa benki hufuata njia inayokaribiana na hiyo, na benki hukopesha kwa kuangalia thamani atakayoandika yeye. Ukikubali bei inayozidi thamani hiyo, pengo unalijaza mwenyewe kwa fedha taslimu.

Ofa nayo ina mambo mengi kuliko bei. Ya kwetu ilikuwa na masharti: mkopo upitishwe, ukaguzi ufanyike, na upekuzi wa hati uthibitishe kwamba anayeuza ndiye mmiliki na hakuna rehani, zuio wala deni la kodi lililofichika. Kila sharti lilipewa tarehe ya mwisho, na yeye ndiye aliyekuwa akizifuatilia tarehe hizo, maana ikikupita bila kusema neno unaweza kupoteza haki ya kujitoa. Arubuni iliwekwa kwa mtu wa tatu, haikuingia mfukoni mwa muuzaji. Tukaandika pia kila kitakachobaki ndani: makabati, hita ya maji, tangi, hadi taa za ukutani. Nilidhani hayo ya taa ni madogo mno, akaniambia ugomvi wa siku ya makabidhiano mara nyingi huanzia kwenye vitu vya namna hiyo.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alimpigia simu dalali wa upande wa pili na kumwuliza mteja wake anahitaji nini zaidi ya fedha. Kumbe muuzaji alikuwa na wasiwasi wa pa kukaa, nyumba anayohamia ilikuwa haijakamilika. Tukampa nafasi ya kubaki kwa muda baada ya mauzo, kwa maandishi, akilipa kodi, ikiwa na tarehe ya kutoka na kiasi cha fedha kinachozuiliwa mpaka atakapotoka. Ofa yetu ilikuwa chini ya bei iliyotangazwa, na ilikubaliwa.

Mkaguzi alikuta nyaya za umeme zilizochakaa na sehemu ya paa inayohitaji kubadilishwa. Dalali wangu alinipa majina ya wakaguzi kadhaa nichague mwenyewe, akikataa kunichagulia, jambo nililolipenda. Muuzaji alitaka kutengeneza mwenyewe kabla ya kuondoka. Ushauri niliopata ni kuomba bei ipunguzwe, kwa sababu anayeondoka atamwita fundi wa bei ya chini kuliko wote, na atakayeishi na kazi ya fundi huyo ni wewe. Tukaambatanisha makadirio ya mafundi, na sehemu kubwa ya kiasi hicho ikaondolewa kwenye bei.

Nimeulizwa na jamaa kama wakili peke yake asingetosha. Wakili nilikuwa naye pia, na simshauri mtu yeyote asaini mkataba wa nyumba bila wakili. Lakini wakili mara nyingi huingia bei ikiwa imeshakubaliwa. Anasoma hati, hachuchumai kutazama rangi ukutani, na hakwambii nyumba jirani iliuzwa kwa kiasi gani.

Sasa malipo, na hapa ndipo penye malalamiko yangu. Mfumo unatofautiana sana. Uingereza dalali wa kawaida analipwa na muuzaji na ni mtu wa muuzaji. Mnunuzi anayetaka wa kwake anamlipa kutoka mfukoni. Uholanzi ni jambo la kawaida kila upande kuwa na dalali wake. Marekani, kwa muda mrefu kamisheni aliyotoa muuzaji iligawanywa kwa madalali wa pande zote mbili, na wanunuzi wengi walidhani huduma ni ya bure wakati gharama ilikuwa ndani ya bei. Kufuatia makubaliano ya kumaliza kesi dhidi ya chama cha kitaifa cha madalali wa huko, tangu Agosti 17, 2024 dalali anayetumia mifumo ya matangazo iliyo chini ya makubaliano hayo lazima awe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba, mkataba unaotaja wazi malipo yake. Naona ni hatua nzuri. Mtu ajue analipa nini, na anamlipa nani.

Rasimu ya kwanza niliyopewa ilitaka asilimia ya bei ya nyumba. Sikuipenda. Mtu ninayemtegemea anishushie bei hafai kupata zaidi kadiri bei inavyopanda, hata awe mwaminifu vipi. Nilisema hivyo, tukakubaliana kiasi maalumu kisichobadilika. Kifungu kingine kilisema kwamba hata mkataba wetu ukiisha, nikinunua nyumba aliyonionyesha namlipa. Hilo ni haki yake, ila muda uliowekwa ulikuwa mrefu mno na ulipunguzwa baada ya mazungumzo. Yeyote anayeajiri dalali asome vifungu hivi viwili kabla ya kingine chochote, pamoja na kile cha kuvunja mkataba mkishindwana.

Lalamiko dogo ni kwamba siku za mwisho wa wiki alikuwa mgumu kupatikana, na nyumba nzuri haziwasubiri watu mpaka Jumatatu. Alirekebisha kwa kunipa msaidizi wake, lakini msaidizi hakuwa na jicho lake.

Kuna siku nilivutiwa na nyumba iliyokuwa inauzwa na ofisi yake mwenyewe. Alinijulisha mara moja, akasema kwa hiyo hawezi kunisimamia, nitafute mtu mwingine au niiache. Kuna mahali, kama majimbo ya Florida na Colorado, sheria hairuhusu dalali mmoja awe mwakilishi kamili wa pande zote mbili. Kwingine anaruhusiwa mradi wote waridhie kwa maandishi. Mimi nisingeridhia. Mtu aliyeahidi kumpandishia mmoja bei na kumshushia mwingine kwa nyumba ile ile hana namna ya kutimiza ahadi zote mbili.

Sisemi kila mtu anamhitaji. Ukinunua kwa ndugu, mtaa unaoujua vizuri, ukiwa na mkaguzi na wakili wako, unaweza kuokoa gharama hiyo. Kwa wengine wote, hasa anayenunua mara ya kwanza au mahali pageni kwake, ningesema dalali wako awe wa kwanza kupatikana, nyumba ifuate. Hakikisha leseni yake kwa mamlaka inayosimamia madalali, kama ipo. Mwulize nani anamlipa, na kama ofisi yake ina nyumba inazoziuza. Kisha mwulize ni lini mara ya mwisho alimshauri mteja aache nyumba, na kwa nini. Wa kwangu alijibu papo hapo, akaeleza kasoro zilivyokuwa. Mwingine niliyezungumza naye kabla yake alibadilisha mada.