Kuzima waning (onyo la kompaila) au kurekebisha kodi (code) ya draiva?

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya zamani ya wifi ya USB ilinigomea kubild kwenye kaneli (kiini cha mfumo) ya Linux 6.15, kompaila, yaani programu inayogeuza code iwe ya mashine, inalia haiijui fankisheni ya kusimamisha taima, del_timer_sync. Njia ya kwanza ni kuzima kelele, unatia -Wno-error=implicit-function-declaration kwenye Makefile (faili la maelekezo ya bildi) unasonga mbele, ila shida inakusubiri mwishoni maana fankisheni yenyewe ishaondolewa, modpost, hatua ya mwisho ya kukagua bildi, inakuandikia "undefined!" na moduli (faili la draiva lililokamilika) haitoki ng'o. Kwa waning ya variabo isiyotumika sawa, zima tu, haidhuru sana.

Njia ya pili unafungua faili. Nikabadilisha ikawa timer_delete_sync, ipo tangu 6.2, mistari mitatu tu imeisha, na kama unataka kaneli za nyuma ya hapo nazo zikubali unaweka sharti la LINUX_VERSION_CODE (namba ya toleo la kaneli).

Waning ya aina za pointa (anwani za memori) zisizolingana ndo msiizime kabisa jamani, pale kaneli inaweza kusoma memori isiyo yake mashine nzima ikaganda. Mimi narekebisha, hata umeme ukikatika katikati ya bildi narudia make upya.