Haller Park kwa wanafunzi wa utunzaji wa wanyama: macho yatashiba, mikono itabaki na njaa

Wiki ya ziara ikifika, vyuo vingi vya Mombasa vinavyofundisha afya ya mifugo na utunzaji wa wanyama hugeuza basi kuelekea Bamburi. Hatuwalaumu. Haller Park, hifadhi ya wanyama, iko kando ya barabara kuu ya Malindi, matatu za Mtwapa zinapita hapo, kivuli kipo, na wanyama wako karibu kiasi cha kuwaona wakitafuna. Tukiitathmini kama darasa, somo la kutazama tunalipatia alama tisa kwa kumi. Somo la kushika tunalipatia mbili, nazo ni za kumlisha twiga kwa mkono. Anayelipia ziara hii akitarajia mwanafunzi arudi akijua kumzuia mnyama na kumpima joto ameingia duka la nguo kununua samaki.

Hilo si kosa la hifadhi. Mnyamapori wa Kenya hashikwi wala hadungwi sindano na mwanafunzi kwa sababu tu ana barua ya chuo. Shughuli hizo zina vibali vyake na wataalamu wake chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kosa ni la anayepanga ziara moja na kuiandikia malengo kumi.

Kwa wasioijua vizuri: hapa palikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lililochimbwa mpaka likakaribia maji ya chini. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti, na mvinje ndio uliostahimili vizuri. Majani yake, yale yanayofanana na sindano, yalikuwa yanaanguka na kukaa bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Wanafunzi wengi hupita wakikimbilia viboko. Wasimamishe dakika tano, wafukue kwa kijiti waone tabaka za majani makavu juu na mboji chini. Mtu anayetaka kuelewa takataka za zizi na mbolea ya samadi hana mahali bora pa kuanzia.

Kitu kinachoifanya ziara iwe na thamani ya nauli ni twiga. Kwa kawaida hulishwa mara mbili, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na wageni hupewa tembe za chakula wawalishe wakiwa juu ya jukwaa. Hapo ndipo wakufunzi wengi hufanya kosa: wanafika saa tano kasorobo, wanalisha, wanapiga picha, wanaondoka. Fika saa mbili, uwatazame kabla ya kulishwa, kisha ukae baada ya watalii kutawanyika.

Sababu ni kucheua. Kwa ng'ombe, tonge linalopanda kutoka tumboni utaliona kwa shida, maana shingo ni nene na ngozi imelegea. Kwa twiga unaliona lote: uvimbe wa ukubwa wa ngumi unapanda shingoni kwa kasi, kama lifti, unaingia kinywani, taya linaanza kusaga kwa upande, halafu baada ya sekunde kadhaa kimya kidogo, koo linatikisika na tonge linashuka. Baada ya muda mfupi lingine linapanda. Mwanafunzi aliyeona hilo mara tatu hasahau tena kwamba mnyama anayecheua ametulia, na kwamba mnyama asiyecheua kabisa kwa saa nyingi ana jambo. Ahesabu mitafuno kwa kila tonge, kwa matonge matano, achukue wastani. Akienda baadaye kwa ng'ombe wa maziwa atafanya vivyo hivyo bila kufundishwa upya.

Kazi ya pili hapo ni jedwali la mwenendo. Chagua twiga mmoja, mtambue kwa mabaka ya shingoni. Kila baada ya dakika mbili, kwa nusu saa, andika tendo moja tu analofanya wakati huo: anakula, anacheua, amesimama tu, anatembea, anajikuna, anamsukuma mwenziwe. Utapata alama 15. Wanafunzi wawili wamtazame huyo huyo bila kuchunguliana, kisha walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya mara tatu, tatizo huwa ni maneno: hawakukubaliana mapema twiga aliyesimama huku taya likienda anaandikwa "amesimama" au "anacheua". Bora wagombane juu ya hilo chini ya mvinje kuliko kwenye wodi ya mbwa mgonjwa, ambako mmoja ataandika "ametulia" na mwingine "amezubaa". Na jedwali lifanywe kabla ya saa tano. Mnyama anayengojea mkono wenye chakula anakuonyesha tabia ya kungojea, basi.

Kiboko naye hulishwa alasiri, karibu saa kumi. Mwulize mwanafunzi swali moja: anakula majani, ana tumbo la vyumba vitatu, je, anacheua? Hacheui, na wengi hujibu kinyume. Yale majimaji mekundu ya ngozini nayo si damu wala kidonda; ni utokwaji wake wa kawaida wa kuikinga ngozi na jua. Hadithi ya Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa Desemba 2004 baada ya tsunami, na kobe mkubwa Mzee, mtaisikia mkitaka msitake. Ni tamu. Ila mkufunzi asiiache iishie kwenye "urafiki wa ajabu". Kiboko yule alikuwa na uzito wa karibu kilo 300 na aliwekwa penye kobe mzee. Aulize: ungekagua nini kabla ya kuwachanganya? Njia ya kutorokea ipo? Nani anatazama usiku wa kwanza? Ukiona dalili gani unawatenganisha?

Kwenye kobe, mikono inaoshwa kwa sabuni hata kama umegusa gamba tu, kwa sababu ya bakteria wa salmonela, na kitambaa chenye dawa hakitoshi pakiwa na tope. Kwenye mamba, swali la kuuliza ni la mayai: jinsia ya kitoto haiamuliwi wakati wa kutungwa, inaamuliwa na joto la kiota, kwa hiyo kifaa cha kuatamia kikicheza digrii moja au mbili unaweza kubadilisha kundi zima. Nyoka pitieni haraka. Nyuma ya kioo hakuna cha kufanya zaidi ya kutambua sura, na baada ya nyoka wawili watatu darasa huwa limeshageuka maonyesho.

Jambo moja linaloudhi, wala halihusu hifadhi hii. Wapo watu wanaouzia vyuo ziara ya siku moja yenye Haller Park, mamba wa Nyali, na Fort Jesus jioni. Ngome ina mizinga mizuri, lakini haina mbuzi. Kati ya foleni ya daraja la Nyali na chakula cha mchana, mwanafunzi anabaki na chini ya saa moja kwa kila kituo. Kataa. Asubuhi yote iwe ya Haller Park, na siku nyingine, si ile ile, iwe ya zizi.

Siku ya zizi ndiyo inayofunika zile alama nane zilizopotea. Tafuta mfugaji wa mbuzi au ng'ombe wa maziwa upande wa Kisauni au Mtwapa, mfuate kwanza bila wanafunzi, piga hodi, mwite mzee au mama kama ilivyo ada, na mkubaliane malipo au dawa ya minyoo kwa mifugo yake kama shukrani. Daktari wa mifugo aliyesajiliwa, au msaidizi aliyesajiliwa, awepo muda wote. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao haimruhusu mwanafunzi kutibu peke yake.

Hesabu ya mbuzi ni muhimu kuliko hesabu ya wanafunzi. Wanafunzi 24 wanahitaji mbuzi wanane: kila mbuzi anashikwa na watu watatu tu, kisha anaachiliwa. Mbuzi aliyepimwa joto mara kumi na mbili asubuhi moja anapanda joto kwa hofu, na vipimo vya mwisho vinakuwa uongo. Mmoja ashike, mmoja apime, mmoja aandike, kisha wabadilishane. Anayeshika asimame ubavuni, mkono mmoja chini ya taya na mwingine nyuma ya mapaja, mnyama akiegemea ukuta. Pembe si mpini. Mbuzi mdogo akivutwa pembe, pembe hiyo huweza kuvunjika.

Anzeni kwa vipimo vinavyohitaji utulivu. Pumzi zihesabiwe kutoka mbali, kabla ya kumgusa: 15 hadi 30 kwa dakika. Mapigo yatafutwe kwa vidole viwili ndani ya paja, sekunde 30 mara mbili, na yawe kati ya 70 na 90. Kisha ngumi kwenye bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, dakika mbili nzima kwa saa ya mkononi. Tumbo likifanya kazi utasikia ngumi ikisukumwa mara mbili hadi nne. Wanaokosa ni wale waliogusa ubavu wa kulia au waliochoka baada ya nusu dakika.

Joto ndilo la mwisho. Tumia kipimajoto cha betri, si cha kioo chenye zebaki. Kifunge uzi na klipu, klipu ibane manyoya ya mgongoni, la sivyo mbuzi akijikaza kitaanguka ndani ya kinyesi au kwenye simiti. Kipake mafuta, kiingie kama sentimita tano, kisha kiinamishe kiguse ukuta wa utumbo. Kikichomwa katikati ya mavi kitasoma chini ya joto halisi, na ndiyo sababu kubwa ya wanafunzi kuleta 37 kwa mbuzi mzima. Kawaida ni 38.5 hadi 39.5. Kwa jua la Mombasa, mbuzi aliyesimama peupe saa sita anaweza kufika 40 bila ugonjwa wowote, kwa hiyo kazi hii imalizike kabla ya saa nne.

Rangi ya jicho hukaguliwa juani, kamwe si kivulini. Kidole gumba cha mkono mmoja kifunike jicho kwa kukandamiza kope ya juu taratibu, kidole cha mkono wa pili kivute kope ya chini, utando wa ndani uchomoze, usome rangi mara moja dhidi ya kadi ya rangi yenye daraja 1 (nyekundu) hadi 5 (nyeupe, yaani damu imepungua). Ukichelewa damu inajaa, na mbuzi wa 4 anaonekana 3. Wa 4 na 5 ndio wanaopewa dawa. Mvua za masika ziondokapo ndipo minyoo ya kunyonya damu inapokithiri huku Pwani, na ndipo zoezi hili lina maana.

Dawa ya minyoo hupewa kwa uzito uliopimwa kwa mizani au utepe wa kifua, si kwa macho, maana dozi pungufu ndiyo inayofundisha minyoo kuizoea dawa. Bomba liingie pembeni mwa mdomo penye mwanya usio na meno, pua isizidi kimo cha macho. Kichwa kikiinuliwa juu, dawa inaingia mapafuni na baada ya siku chache mfugaji ana mbuzi mwenye nimonia. Mbuzi mwenye mimba ya mwezi wa kwanza asipewe albendazo. Na mkiogesha ng'ombe kwa amitrazi, dawa ya kupe, punda wa mkokoteni aliyefungwa karibu asirashiwe kwa huruma na pampu hiyo hiyo: dawa hiyo husimamisha utumbo wa punda na farasi.

Kabla ya siku hiyo, kila mwanafunzi atakayegusa mbwa au paka katika mafunzo awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ratiba ya WHO ya mwaka 2018 ni dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7, kwa hiyo wiki ya mwisho ni kuchelewa. Akiumwa hata hivyo, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, ndipo hospitali. Gambuti zisuguliwe kwa brashi kwanza, zikanyage dawa ya kuua vijidudu baadaye. Dawa haiui kitu kilichofunikwa na samadi. Wanafunzi wa kike wenye mimba wasikaribie zizi lenye mbuzi waliotupa mimba karibuni, na hakuna anayegusa kondo la nyuma bila glavu.

Daktari akichoma mbuzi sindano, zilizotumika zirudi chuoni kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Baada ya siku mbili mkufunzi mwenyewe ampigie mfugaji na amwulize kwa jina la kila mbuzi: anakula, anacheua, anakohoa? Akimtajia mwenye uvimbe wa moto palipochomwa, daktari aende siku hiyo hiyo, na gharama ni ya chuo.