Kamera ya Mtego Yenye Laini ya Simu: Je, Inawazuia Wawindaji Wasioalikwa?

Kamera ya mtego ni kisanduku cha plastiki ngumu kinachofungwa kwa mkanda kwenye shina la mti, kikakaa kimya mpaka kitu chenye joto kipite mbele yake, ndipo kipige picha. Soko lake kubwa limekuwa wawindaji, ambao walitaka kujua mnyama gani hupita wapi na saa ngapi. Siku hizi inauzwa pia kwa wenye mashamba na misitu ya binafsi ambao hawataki wawindaji hao hao wakanyage kwao. Matangazo ya biashara hayagusi tokeo moja la jambo hilo, nalo ni kwamba mtu unayetaka kumnasa huenda anakifahamu chombo hiki kuliko wewe uliyekitoa kwenye boksi jana. Anajua kuwa hufungwa usawa wa kiuno na kuelekezwa njiani, na akikiona anajua pa kupita ili kisimwone.

Tathmini hii inahusu kamera zenye laini ya simu, yaani zile zinazotuma picha kwenye simu ya mwenyewe badala ya kuzihifadhi tu kwenye kadi ya kumbukumbu. Ninazitumia kwenye mipaka ya ardhi yangu, sehemu yenye msitu na sehemu iliyo wazi. Sitaji jina la kampuni, kwa kuwa sifa na kasoro nitakazozieleza zimo karibu katika kamera zote za aina hii. Naitoa hukumu yangu mapema ili asiye na muda asisome yote: kamera hii ni shahidi mzuri, lakini peke yake haimzuii mtu. Anayeinunua akidhani ameajiri mlinzi atasikitika.

Jambo la kwanza kulielewa ni namna inavyogundua mpitaji. Kihisi chake hakioni umbo la mtu. Kinahisi tofauti ya joto inayosogea kati ya kinachopita na mandhari iliyo nyuma yake. Kwa hiyo asubuhi yenye baridi hufanya kazi kwa umakini wa kupendeza, na mchana ambapo hewa imekaribia joto la mwili wa binadamu huwa kama imesinzia. Majani marefu yaliyopigwa na jua, yakitikiswa na upepo, huihadaa ipige mamia ya picha zisizo na kitu. Vilevile kihisi hugundua kwa wepesi kinachokatiza mbele yake kutoka upande mmoja hadi mwingine kuliko kinachoijia moja kwa moja, na ndiyo maana vijitabu vingi vya maelekezo huonyesha kamera ikiitazama njia kwa ubavu.

Kwa mnyama anayekula taratibu, maelekezo hayo yanatosha. Kwa mtu anayetembea haraka, hayatoshi. Mojawapo ya picha nilizozipata alfajiri ina kiwiko cha mkono, kitako cha bunduki na nusu ya nyuma ya mbwa. Kichwa cha mwenye bunduki kilikuwa kimeshavuka ukingo wa picha kabla kamera haijaamka. Suluhisho ni kuielekeza kimshazari, ili mpitaji akatize eneo la kihisi lakini abaki ndani ya picha kwa hatua kadhaa. Aidha, chagua kamera yenye muda wa kuamka ulio chini ya nusu sekunde, na uipangie kupiga picha mbili au tatu mfululizo. Kinachokuhusu hapa ni uso na mavazi, wala si idadi kubwa ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi, ambayo mara nyingi ni ya kukuzwa na programu badala ya kuwa ya kihisi cha picha chenyewe.

Usiku ndipo tofauti ya bei inapojieleza. Kamera hizi humulika kwa miale ya infraredi, mwanga ambao jicho la mtu huuona kwa shida au haliuoni kabisa, na kuna aina mbili kuu. Ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 humulika mbali na kutoa picha angavu, lakini taa zake huonekana kama vidoa vyekundu kwa yeyote anayetazama upande huo. Ile ya nanomita 940 haionekani kwa macho, ingawa umbali wake wa kumulika ni mfupi na picha zake zina chembechembe zaidi. Kwa mwenye kupiga picha za wanyama ningependekeza ya kwanza bila kusita. Kwa kazi yetu hii, ya pili ndiyo pekee yenye maana, kwa sababu anayeona vidoa vyekundu gizani ataondoka na kamera yako begani. Mtu asitarajie kusoma namba za gari usiku kwa aina yoyote kati ya hizo mbili: vibao vingi vya magari vimetengenezwa ili virudishe mwanga ulikotoka, hivyo kwenye picha hubaki mstatili mweupe usio na herufi. Namba za gari zinasomeka vizuri zaidi mchana, kamera ikiwa imewekwa mahali ambapo gari hulazimika kupunguza mwendo, kama vile langoni au kwenye kivuko chenye mashimo.

Kuhusu kuifunga, nafuata desturi tofauti kabisa na ya wawindaji: juu, takriban mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini, ikiinamishwa kidogo kuitazama njia. Watu wanaotembea msituni hutazama miguu yao na kilicho mbele yao, na ni wachache wanaotazama matawi. Kimo hicho kinahitaji ngazi, na ngazi hiyo ndiyo ninayoichukia kila ninapobadilisha betri. Lenzi isitazame mashariki wala magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huifuta picha yote, na ni saa hizo hizo ambazo wawindaji hupenda kuingia.

Betri ndizo gharama ambayo muuzaji haizungumzii. Kutuma picha kwa mtandao wa simu hula umeme mwingi kuliko kuipiga, na kamera iliyo mahali penye mawimbi hafifu humaliza betri kwa kuhangaika kuutafuta mnara. Betri za alkali hudhoofika kwenye baridi. Zile za lithiamu zisizochajiwa ni ghali, lakini hudumisha volti 1.5 karibu hadi mwisho wa uhai wake na huvumilia baridi kali. Zile za kuchajiwa zenye volti 1.2 hukubaliwa na baadhi ya kamera na kukataliwa na nyingine. Paneli ndogo ya sola husaidia sana mahali palipo wazi, ila chini ya miti minene ni pambo, tena pambo linalong'aa na kukufichua. Nikitazama nyuma ya mlango wa betri hukuta pia wapangaji: sisimizi huingia kupitia tundu la waya wa sola, hujenga juu ya viunganishi, na kamera huzima bila kutoa taarifa. Kipande cha mpira kilichobanwa kwenye tundu hilo hutosha kuwazuia, na nashangaa kwa nini watengenezaji hawakiweki tangu kiwandani.

Upande wa mtandao, uliza swali moja kabla ya kulipa: kamera inatumia kizazi gani cha mawasiliano? Kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima mitandao yao ya 3G, yaani kizazi cha tatu, mwaka 2022, na kamera zilizotegemea mtandao huo zikapoteza uwezo wa kutuma picha siku hiyo hiyo, zingali nzima. Nchi nyingine nazo zimefuata au zinafuata njia hiyo, kwa hiyo kamera ya 3G inayouzwa kwa bei ya kutupa si nafuu hata kidogo. Jua pia kwamba picha inayofika kwenye simu ni ndogo, iliyopunguzwa ubora ili isafiri kwa haraka. Picha kamili hubaki kwenye kadi, au huombwa kwa malipo ya ziada juu ya ada ya mwezi. Programu ya simu inayoambatana na kamera niliyo nayo ni ya kuvumiliwa tu: taarifa hufika pengine baada ya dakika moja, pengine baada ya robo saa, na haina njia ya maana ya kutenganisha mtu na ng'ombe.

Pamoja na hayo yote, faida ya laini ya simu ni moja, nayo inatosha kuhalalisha gharama: mwizi wa kamera haondoki na ushahidi. Mara nyingi picha yake huwa imeshatumwa kabla hajamaliza kufungua mkanda. Kisanduku cha chuma na kebo yenye kufuli humchelewesha, hakimshindi. Kinachofaa zaidi ni kamera ya pili, iliyofichwa mahali pa juu, ikiitazama ile ya kwanza. Ya kwanza ikiwa ya bei ya chini na inayoonekana kwa urahisi, basi hutumika kama chambo.

Sasa turudi kwenye kuzuia, ambako kamera inashindwa na vitu viwili visivyotumia umeme: kibao na rangi. Kibao cha kukataza uwindaji kilichopigiliwa mtini humwondolea mtu kisingizio cha kutojua, ingawa kina maadui wengi. Hung'olewa, hupigwa risasi, na mti unaokua hukimeza polepole. Rangi haina adha hiyo. Mwaka 1989 jimbo la Arkansas nchini Marekani lilikubali kisheria kwamba alama ya rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo ina uzito sawa na kibao cha kukataza kuingia, na majimbo mengine, yakiwemo Missouri na Texas, yakafuata katika miaka ya 1990. Texas inataka mistari wima isiyopungua sentimita 20 kwa urefu na sentimita 2.5 kwa upana, ncha ya chini ikiwa kati ya sentimita 90 na 150 kutoka ardhini, na umbali kati ya alama usizidi mita 30 msituni au mita 300 penye uwazi. Mahali ambapo sheria inaitambua, ndoo moja ya rangi hiyo inalinda mpaka mrefu kuliko kamera kumi. Mahali ambapo haitambuliwi, rangi hiyo ni urembo tu, na mwenye ardhi hana budi kurudi kwenye vibao.

Tofauti za sheria zina uzito kuliko ubora wa lenzi. Nchini Italia, ibara ya 842 ya sheria ya madai haimruhusu mwenye ardhi kumzuia mwindaji mwenye leseni kuingia, isipokuwa ardhi imezungushiwa uzio kwa namna inayotakiwa na sheria au ina mazao yanayoweza kuharibika. Uzio unaotambulika ni ukuta au wavu wa chuma wenye kimo kisichopungua mita 1.20, au maji yenye kina cha mita 1.50 na upana wa mita 3. Huko, picha safi ya mwindaji aliye katikati ya msitu wako usio na uzio haithibitishi kosa lolote. Katika jimbo la Vermont, Marekani, katiba yenyewe inalinda uwindaji kwenye ardhi isiyozungushiwa uzio, na anayetaka kuuzuia hulazimika kuweka vibao, kuviandika tarehe kila mwaka na kujisajili katika ofisi ya mji. Aliyesahau kuandika tarehe mpya amefungua lango, hata kama miti yake yote ina kamera.

Ukiipata picha uliyoitaka, usiende msituni kumkabili mtu mwenye bunduki. Piga simu kwa askari wa wanyamapori au polisi wakati mtu yungali ndani, na hapo ndipo ile robo saa ya programu inapouma. Kadi ya kumbukumbu itoe kamerani bila kufuta kitu, nakili yote yaliyomo na uihifadhi ile ya asili, kwa maana tarehe na saa zilizoandikwa kwenye picha ndizo zitakazobishaniwa kwanza. Hakikisha basi kwamba saa ya kamera ni sahihi kila unapobadilisha betri, kwa sababu baadhi ya kamera huirudisha nyuma umeme unapokatika. Kuiweka picha ya mshukiwa mitandaoni ili watu wamtambue ni kishawishi kikubwa, lakini kunaweza kuharibu kesi na kukuweka wewe upande wa mshtakiwa. Halikadhalika, katika nchi za Umoja wa Ulaya na kwingine kwenye sheria za faragha, kamera inayonasa njia ya umma au uwanja wa jirani humletea mwenye nayo wajibu wa kisheria, kwa hiyo ielekeze ndani ya mpaka wako, kuanzia kwenye alama ya rangi au kibao, ili picha hiyo hiyo imwonyeshe mtu pamoja na onyo alilolipita.